Nani Alitufungisha Fainali, Namba Kumi au Kocha

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, mtihani wa matriki, wa kumaliza sekondari, unanisubiri, na jezi namba kumi nimeirudisha juzi ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Nimeivaa miaka minne. Kwenye timu yetu mtu huacha mpira kwa sababu mama yake amepata kazi Midrand, au familia imehamia mtaa mwingine ghafla, kwa hiyo miaka minne ni utumishi mrefu. Baba anasema kwao Tanga mstaafu hupewa mabati. Mimi nilipewa soksi, na moja ina tundu.

Mmoja wenu ataivaa jezi hiyo, wadogo zangu wa mazoezi ya Jumanne. Kuna mambo niliyajua nikiwa nimeshachelewa, na kuyasema mbele yenu siwezi, mnanijua. Watu wakizidi watano sauti yangu inarudi tumboni. Kuandika ninaweza.

Nianze na madogo. Fundo la kamba za njumu liwekeni pembeni mwa mguu, si juu, maana juu ndipo mpira unapogusa. Uwanja wetu wa Rosettenville, pale nyuma ya shule, wakati wa baridi unakuwa mgumu kama sakafu na mpira unadunda mpaka kifuani, basi msiukimbilie, usubirini udunde mara ya pili. Mwezi wa nane upepo unaleta mchanga wa njano kutoka kile kilima cha mabaki ya mgodi. Fumbeni midomo mpige pasi za chini. Wakati wa joto, wingu likishakuwa jeusi saa tisa alasiri, refa ataogopa radi na kumaliza mpira mapema, kwa hiyo bao litafutwe kipindi cha kwanza. Na kabla mpira haujakufikia, geuza shingo mara mbili. Mara ya kwanza utaona watu. Mara ya pili utaona walikokuwa watu, na huko ndiko pa kupiga.

Mimi pasi yangu ya kwanza kabisa katika mechi ya ligi nilimpa refa. Sisi tulivaa njano, naye alivaa njano, na alikuwa amekaa mahali pazuri. Nilitamani ardhi inimeze. Kocha wetu, Yaya Sifa, hakunifokea. Wakati wa mapumziko alinipa maji akasema, "Refa naye ni mutu. Shida yake hafungi."

Yaya Sifa nyinyi mnamjua kama mama mkali mwenye chanuo lililochomekwa kichwani. Ni Mkongo wa Bukavu, na Wakongo humwita dada mkubwa yaya. Siku ya kwanza nilipomtaja nyumbani, mama aliuliza tangu lini timu ya mpira ikahitaji yaya wa kulea. Kazi yake ni ususi, saluni yake iko jirani na duka la mikate la Mreno, na mpira anaufundisha kwa kichwa cha bandia, kile cha plastiki wanachojifunzia wasusi. Vibanio vyekundu ni sisi, vyeusi ni wapinzani. Paji la uso ni goli lao, kisogo ni goli letu. Mteja anasukwa huku, na mkono mmoja ukipata nafasi unasogeza kibanio kule.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimekaa nasukwa, siku nilipomsikia akimweleza Divine, beki wetu, namna walivyofungwa Jumamosi. Divine ni Mkongo pia, na ana mdomo wa watu watatu. Walibishana kweli. Kichwa cha bandia kilikuwa mbele yangu. Bila kufikiri nilinyoosha mkono, nikasogeza kibanio kimoja chekundu karibu na sikio. Nikarudisha mkono haraka chini ya kitambaa kama mwizi.

Yaya Sifa aliniona kwenye kioo. Akaacha kusuka. Alikitazama kile kibanio muda mrefu, kisha akamwambia Divine, "Ona. Angekuwa hapa, hatungefungwa." Halafu kwangu, "Weye unacheza wapi?"

Nikasema sichezi.

"Tangu leo unacheza."

Nilitoka mle nimesukwa nusu kichwa, nikasahau kurudi.

Sasa mitindo. Yaya Sifa alipanga mashambulizi yetu kwa majina ya nywele na kuyaita kwa sauti akiwa pembeni ya uwanja. "Vitunguu" maana yake watu wanne wanajikusanya kwenye mlingoti wa karibu, ule wa goli ulio upande wa kona, kisha wanatawanyika. "Mabutu" ni makundi mawili, kushoto na kulia, katikati panabaki wazi na namba kumi anapita mwenyewe. "Twende kilioni", kama ule msuko wa haraka wa kurudisha nywele zote nyuma, ni wote mbele moja kwa moja na mpira juu. Wapinzani hawakijui Kiswahili, wanabaki kutumbua macho. Na alikuwa anaona vitu ambavyo hadi leo sijui aliviona vipi. Kuna siku alituambia beki wao wa kushoto kidole gumba kinamuuma, tumpitishie mpira upande ule. Nikamuuliza amejuaje. "Alifunga kamba za mguu mumoja polepole," akasema. Tulipata mabao mawili upande ule ule. Nilikuwa nikirudi nyumbani baada ya mechi nakaa kitandani nashangaa tu.

Sheria moja zaidi. Namba kumi akiona mtindo ulioitwa hautafaa, aweke mkono kichwani aseme "Fumua", na kila mtu arudi mahali pake, kama msusi anavyofumua msuko uliopinda. Kumbukeni sheria hiyo, maana ndiyo kiini cha barua hii.

Fainali ilichezwa Alexandra, kwao wapinzani wetu. Wazazi wengine hawakutaka twende Alex, walikowahi kupigwa wageni kama sisi, habari ambayo sisi watoto tumeijua kwa kunyamaziwa. Tulikwenda. Tulipokelewa na machungwa yaliyokatwa na wasichana wenye mbio za kutisha. Mpaka dakika za mwisho ilikuwa bao moja kwa moja. Bao letu lilitoka kwenye kona ya Vitunguu. Kona ya pili tukapiga Vitunguu tena, ikaokolewa. Halafu tukapata ya tatu, na refa alikuwa ameshaanza kuangalia saa.

Nikauweka mpira chini ya kibendera. Yaya Sifa akaita, "Vitunguu. Wote, hata mabeki."

Hapo, wadogo zangu, niliuona uwanja wote. Sijui niwaelezeje. Ilikuwa kama mtu amekiweka kile kichwa cha bandia mbele yangu na vibanio vyote viko juu yake. Kipa wao alikuwa amekwisha kusogea mlingoti wa karibu, hata kabla wenzangu hawajajikusanya. Neno letu walikuwa wamelizoea, hawakuhitaji kulielewa. Na namba saba wao, yule mwepesi, hakurudi kukaba. Alisimama mstari wa katikati, mikono kiunoni, amegeuzia goli letu uso. Nyuma yetu, ukimwacha kipa, alibaki Divine peke yake, tena amekaribia katikati ya uwanja kwa sababu ameambiwa hata mabeki. Nilijua kitakachotokea kama mtu anavyojua kikombe kitaanguka.

Mkono wangu ulinyanyuka. Ulifika kwenye sikio. Nikaufanya kama unafuta jasho, nikaushusha, nikapiga.

Kipa aliudaka bila kuruka. Akaurusha. Namba saba alikimbia kama ameitwa jina, Divine akamfuata mpaka pumzi ikamwisha. Mbili kwa moja. Mpira ukaisha pale pale. Namba saba mwenyewe alikuja kunipa mkono, akaniambia kwa Kizulu, "Yule mama yenu akisema lile neno lenu, tunajua mnakusanyika wapi." Alisema kwa upole, bila kejeli, na ndiyo maana iliniuma.

Wiki nzima haikuzungumzwa habari nyingine. Baada ya sala ya Ijumaa, baada ya ibada za Wakongo, kwenye spaza, vile viduka vya mtaani, kwenye foleni ya teksi: kosa la namba kumi au la kocha? Wengine walisema kona ilipigwa kizembe, mpira ulikuwa laini kama embe bovu. Wengine walisema kocha gani anaita mtindo mmoja mara tatu. Papa Ilunga, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mlinzi wa jengo moja kule Sandton, alitangaza kikao Jumapili. Ilijulikana anataka Yaya Sifa aondolewe, aletwe rafiki yake wa kanisani aliyewahi kucheza ligi Lubumbashi. Kweli aliwahi, ila tumbo lake lilikuwa limeshasahau.

Na aliyekuwa mkali kuliko wote ni baba yangu.

"Kocha ni kichwa, mchezaji ni mguu," alisema, simu ya mteja aliyokuwa anaitengeneza iko wazi mezani. "Mguu ukijikwaa utaulaumu mguu? Mwanangu alifanya alichoagizwa. Jumapili nitasema, na kura yangu nitaipiga."

"Baba," nikasema.

"Nyamaza wewe, umeshaumia vya kutosha."

Nikanyamaza. Nitawaambia ukweli, kunyamaza kulikuwa kutamu. Nilikuwa mtoto mtiifu aliyeponzwa na kocha. Ningebaki na jezi yangu, na kila mama njiani alinishika bega. Kilichohitajika ni mimi kufunga mdomo tu, kazi niliyoisomea tangu kuzaliwa.

Jumamosi asubuhi nilikwenda saluni. Hapakuwa na mteja. Nilichukua kichwa cha bandia, nikapanga vibanio vyote kama vilivyokuwa kwenye ile kona: kipa wao, Divine, namba saba. Yaya Sifa alikuja taratibu akasimama nyuma yangu.

"Huyu mweusi wa utosini ni nani?"

"Namba saba."

"Mi sikumuona. Pale niliposimama kulikuwa na baba za watu na miavuli yao ya jua." Akakaa. "Weye ulimuona?"

"Nilimwona."

"Mbele ya kupiga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa juu ya nini haukufumua? Sheria si niliitoa?"

Nilitaka kusema nilisahau. Lakini alikuwa ananitazama kwenye kioo, kwa macho yale yale yaliyoona kibanio changu cha kwanza, nikashindwa. Nikamwambia nilishawahi kufumua, mara moja, mazoezini, mwaka wangu wa pili. Aliita Twende kilioni nami nikaona ukuta wa watu mbele, nikaweka mkono kichwani. Akauliza nani kaniuliza. Akanizungusha uwanja mara sita, jua la saa nane, timu nzima inatazama.

"Mi?" akasema.

"Ndiyo, Yaya."

"Mara sita?"

"Sita."

Alikuwa amesahau kabisa. Mimi nilikuwa sijaisahau hata siku moja, na nyumbani kwetu pia nimelelewa hivyo: neno la mkubwa huwezi kulivunja mbele za watu. Mambo hayo mawili yalikutana kwenye mkono wangu pale konani. Yaya Sifa alichukua chanuo kutoka kichwani kwake, akaliweka mezani, akalitazama kama chombo cha mtu mwingine. Hakusema samahani. Alisema, "Kesho usiseme kitu. Niliita mi, nitabeba mi." Kisha akaingia mteja.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la watoto wa chekechea, na ninawaomba mpige picha: wazazi wazima wamekalia viti vya kufika magotini, Papa Ilunga magoti yanakaribia kidevu, anajaribu kuonekana mwenyekiti.

"Donc, basi, wazazi," akaanza. "Fainali tuliipoteza. Tuseme wazi. Ni namba kumi ama ni kocha?"

Mama mmoja akasema mtoto alipiga mbovu, kweli ni kweli. Baba akasimama. Akasema yale ya kichwa na mguu, vizuri zaidi kuliko nyumbani, watu wakaguna kukubali.

Yaya Sifa akanyoosha mkono. "Niliita mi. Muandike." Akakaa.

"Voilà, ndiyo hivyo," akasema Papa Ilunga, na mkono wake ukaanza kutafuta kalamu.

Hapo ndipo niliposimama. Kiti kile kidogo kilinasa kwenye sketi yangu kikasimama nami, kikaanguka kwa kishindo, kwa hiyo hata kama ningetaka kukaa tena nisingeweza. Wote walinitazama. Walikuwa zaidi ya ishirini.

"Nilimwona," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Ulimuona nani?"

"Namba saba wao. Na kipa pia. Niliona itakavyokuwa kabla sijapiga. Yaya Sifa alisimama nyuma ya miavuli, hakuweza kumwona. Mimi niliweza. Ninaruhusiwa kubadilisha, na sikubadilisha."

Baba aligeuka. Sijawahi kuona uso ule, kama mtu aliyeinua mzigo akakuta hauna kitu ndani.

Papa Ilunga aliweka kalamu. "Na juu ya nini haukubadilisha?"

Swali hilo sikutaka kulijibu. Jibu lake lingemmaliza Yaya Sifa, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba ile habari ya kuzunguka uwanja haitatoka mdomoni mwangu. Nikatazama sakafu.

"Juu alibadilisha siku moja," sauti ya Yaya Sifa ikasema, "na nikamkimbiza uwanja mara sita. Njo maana. Mutoto nilimupa ruhusa kwa mdomo, nikamunyanganya kwa mbio. Kona si kosa langu. Ile njo kosa langu."

Nilijiona nasimama karibu na kitu kikubwa kuliko mpira. Mtu mzima, msusi mwenye jina lake mtaani, mbele ya watu waliokuja kumtafutia kosa, anawapa kosa ambalo hawakulijua. Hakuna aliyemlazimisha. Miaka yote nilimshangaa kwa anavyoona uwanja. Siku ile alijiangalia mwenyewe kwa jicho lile lile.

Baba mmoja akakohoa, akasema hata hivyo beki wa nyuma angepaswa kusogea kulia. Akavuta viti vitatu kuonyesha. Mwingine akasema hapana, kiti hiki kiko mbali mno. Ndani ya dakika chache wazazi walikuwa wamepanga darasa zima kuwa Alexandra, wanapiga kona upya kwa kopo la rangi. Divine, aliyekuwa dirishani, akasema, "Beki wa nyuma nilikuwa mimi, nilikuwa mmoja, na huyo dada ana mbio kuliko baba zenu wote." Walicheka. Hata mwenyekiti.

Hukumu ilikuwa ya wazazi: kila mtu ana kosa kidogo. Yaya Sifa abaki kocha, lakini mechi tatu za mwanzo wa msimu asimame nje ya uzio, asiseme neno. Mimi nibaki na jezi.

Tukirudi, Baba alisimama kwenye robot nyekundu, yaani taa za barabarani, ingawa hapakuwa na gari.

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua, Baba."

"Ungeniambia kabla."

"Ningekuambia, usingeniacha niseme."

Akafikiri. Robot ikawa kijani, akabaki amesimama. "Eish," akasema. "Kweli."

Sasa mtaniuliza jibu, na mkishindwa mechi mtaulizana nyinyi kwa nyinyi: ni aliyepiga au aliyeita? Mimi ninachokijua ni hiki. Anayeita anaona kabla. Anayepiga anaona sasa. Katikati yao kuna muda mfupi, kama wa kuvuta pumzi, na mechi nyingi hupotelea humo. Muulizeni kwanza huyo aliyepiga kama aliogopa, kisha muulizeni alimwogopa nani.

Mechi ya kwanza ya msimu Yaya Sifa alisimama nje ya uzio, vidole vimeshika waya. Tulipopata kona, wenzangu kumi walinigeukia kwa pamoja. Hakukuwa na sauti ya mtu. Nilifungua mdomo nikaita, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, lakini ilifika, kwa sababu niliwaona wakikimbia kwenda nilikowatuma. Nyinyi hamjui bado hilo likoje. Unasema neno, na watu kumi wanahama.

Tulifungwa tatu bila.

Mitindo yote nilikuwa nimeiita mimi. Divine aliniuliza, "Sasa leo kosa la nani?" Nikamwambia langu, nikashangaa limetoka jepesi. Watu walipoondoka nilikwenda kwenye uzio. Yaya Sifa hakutaja mabao.

"Kona ya pili," akasema, "juu ya nini uliita Mabutu?"

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaonyesha kwa mikono alipokuwa kipa wao na alipokuwa beki mrefu, na ni nafasi gani niliiona katikati ambayo baadaye ilifungwa kwa sababu nilichelewa. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Hakunikatiza hata mara moja. Upande wa kilima cha mgodi ngurumo zilianza, na wote wawili tulibaki pale pale.

Nilipomaliza alisogea karibu zaidi na waya.

"Na ile ya tatu?"